Kuweka Jembe Chini: Sabato na Nafsi ya Msomi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa juma huanza siku gani, aghalabu atajibu kwamba huanza Jumatatu, kwa kuwa ndiyo siku ya kurejea darasani. Akitakiwa kulichanganua neno Jumamosi, atatabasamu. Ni juma na mosi. Siku anayoiita mwisho wa juma ndiyo ambayo lugha yake inaihesabu kuwa ya kwanza. Mswahili alianza hesabu yake baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko, akaenda nayo hadi Jumatano. Kisha Alhamisi ikaingia na utano wake wa Kiarabu, na ndiyo sababu juma la Kiswahili lina siku mbili za tano na halina hata moja ya sita. Jina la Kiarabu la Jumamosi, as-sabt, halikupokelewa. Hivyo basi, neno Sabato lilipokuja kwa njia ya Biblia na misheni, halikukuta nafasi katika majina ya siku. Likabaki kuwa neno la ibada, na kwa watu wengi nchini Kenya likawa neno la dhehebu moja ambalo waumini wake huitwa Wasabato.

Kufungiwa huko kwa neno kumeleta hasara. Panapotajwa Sabato, mazungumzo hukimbilia ule ubishi wa miaka mingi: je, ni Jumamosi au ni Jumapili? Ubishi huo una mahali pake na una wajuzi wake, na makala haya hayauingilii. Linaloshikiliwa hapa ni kwamba thamani ya Sabato kwa nafsi haimo katika jina la siku, wala haimo katika nguvu mpya anazozipata mtu ili arudi kazini akiwa mwepesi zaidi. Imo katika tendo la kuiacha kazi ilhali haijakwisha, na kuwaachia wengine nao waiache. Mtu anayepumzika juu ya mgongo wa mwenzake amepata likizo, Sabato hajaipata.

Neno lenyewe linaanza kulidhihirisha hilo. Shina la Kiebrania linalozaa shabbat lina maana ya kukoma, kuacha. Masimulizi ya uumbaji katika kitabu cha Mwanzo hayasemi kwamba Mungu alichoka. Yanasema aliacha, akaibariki siku ya saba na kuitakasa. Rabi Abraham Joshua Heschel, katika kitabu chake The Sabbath kilichochapishwa mwaka 1951, alitilia mkazo jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: katika Biblia, kitu cha kwanza kutakaswa si mlima wala madhabahu. Ni siku. Hekalu lilikuja baadaye sana, na lilibomolewa. Siku haikuweza kubomolewa na jeshi lolote.

Lipo jingine katika masimulizi hayo. Binadamu aliumbwa siku ya sita, kwa hivyo siku yake nzima ya kwanza duniani ilikuwa siku ya kutofanya kazi. Hakuwa amelima hata tuta moja, hakuwa amestahili chochote, naye alikuta pumziko limekwisha kutandikwa. Kazi ilifuata. Mswahili aliyeiita siku hiyo Jumamosi hakuwa akifasiri kitabu cha Mwanzo. Alikuwa akihesabu kutoka Ijumaa. Ni sadfa tu. Hata hivyo, ni sadfa ambayo mwalimu wa isimu na mwalimu wa dini wangeweza kuizungumza hadi chai ikapoa mezani.

Sabato huanza jua linapotua. Hapa pia Kiswahili kina ushahidi wake, kwani kwa desturi ya pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Mtu hulala kwanza kabla hajashika jembe. Atakaye kuona jambo hili likitendwa na aende Kisii, Nyamira au kusini mwa Nyanza kandokando ya ziwa, ambako Waadventista walianzisha kituo chao cha kwanza nchini Kenya, huko Gendia, mwaka 1906. Ijumaa alasiri huwa na pilkapilka zake. Kuni hupasuliwa, maji huchotwa, nguo hupigwa pasi, chakula cha kesho hupikwa, viatu vya watoto hung'arishwa na kupangwa mlangoni. Jua linapoigusa milima, kila kitu huwekwa chini. Kilichobaki kimebaki. Mama aliyekuwa akichambua mboga akasaliwa na fungu moja huliacha palepale lilipo, naye huenda kunawa mikono.

Fungu hilo la mboga ndilo suala lenyewe. Si vigumu kuacha kazi iliyokwisha. Hata mvivu huweza. Kazi ya msomi, zaidi ya kazi nyingi, ina hila katika jambo hili. Mkulima huuona mwisho wa tuta, mwashi huuona ukuta umefika lenta. Msomi ana kitabu kingine cha kurejelea, sura nyingine ya kurekebisha, rundo la karatasi za kusahihisha, makala ambayo bila hiyo hapandi cheo. Zamani mlango wa ofisi ukifungwa kazi ilibaki ndani. Siku hizi baruapepe na vikundi vya WhatsApp humfuata mezani, kitandani na kanisani. Akisubiri amalize ndipo apumzike, atakuja kupumzishwa na daktari.

Agizo la Sabato lililiona hilo mapema. Katika Kutoka sura ya 34 linataja waziwazi majira ya kulima na majira ya kuvuna, yaani nyakati zile hasa ambazo mkulima ana udhuru wa kweli. Na katika simulizi la mana jangwani, watu waliambiwa wakusanye maradufu siku ya sita, wakakusanya, na bado wapo waliotoka siku ya saba kwenda kutafuta, wasipate kitu. Waliotoka hawakusukumwa na njaa, kwa kuwa chakula cha siku hiyo kilikuwa hemani. Walikuwa na hofu. Walitoka Misri lakini Misri haikuwatoka, kwa maana mtu aliyekuzwa kwa kuhesabiwa matofali hujihesabia mwenyewe hata nyapara akishakufa.

Hofu hiyo ndiyo ambayo Sabato hushughulika nayo. Anayeacha kazi kwa siku nzima hukiri kwa mwili wake, wala si kwa mdomo tu, kwamba dunia haikuegemea mikono yake. Ni ungamo gumu. Saa za mwanzo huwa za wasiwasi. Mkono hupapasa mfukoni kutafuta simu ambayo haikulia. Kisha huibuka yale yaliyokuwa yamefukiwa chini ya shughuli: ndugu ambaye hajasamehewa, mzazi ambaye hajajuliwa hali tangu mwezi uliopita, swali la kwa nini shahada hii inasomwa na kwa faida ya nani. Shughuli ni pazia zuri. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanamjua Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye katika Al-Inkishafi aliuelekeza moyo wake kwenye majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, akauhoji. Utendi huo hauhusu Sabato, na mshairi alikuwa Mwislamu ambaye dini yake haikuweka siku ya kutofanya kazi: sura ya 62 ya Kurani humtaka muumini aache biashara aitikie mwito wa sala ya Ijumaa, na sala ikiisha atawanyike akatafute fadhila za Mungu. Lakini tazama kitenzi: aache. Na maswali ya mshairi yule hayawezi kuulizwa na mtu anayekimbia.

Lugha zenyewe zinaelewa kinachotendeka. Kupumzika kunatokana na pumzi. Kitabu cha Kutoka, katika sura za 23 na 31, kinapoeleza kinachompata mtumishi na mgeni siku ya saba, na hata kilichompata Mungu mwenyewe, hutumia kitenzi kilichochipuka kutoka nefesh, neno la Kiebrania la nafsi na pumzi. Kana kwamba kusema, walivuta pumzi, nafsi ikawarudia. Nefesh na nafs ya Kiarabu ni neno na nduguye. Kutoka huko kwa Waarabu Kiswahili kikapata nafsi, na kutoka shina lilo hilo kikapata nafasi. Mhadhiri anayemwambia mwanawe "sina nafasi" amesema zaidi ya alivyokusudia.

Hazina ya methali, lazima ikubaliwe, haimsaidii sana mtetezi wa Sabato. Ajizi ni nyumba ya njaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zipo zinazoonya juu ya haraka, lakini nyingi huonya kwa kuwa haraka huiharibu kazi yenyewe. Ile inayokaribia kabisa suala la kupumzika ni mchumia juani hulia kivulini, nayo inakiweka kivuli mwishoni, kiwe malipo ya jua. Si ajabu, methali hizi zilitungwa na watu waliojua njaa kwa jina. Ila mwanafunzi aliyezikariri kwa ajili ya insha tangu shule ya msingi huingia chuo kikuu akiamini kwamba anayeketi kivulini lazima awe amekilipia. Kivuli cha Sabato hakilipiwi. Hulikuta hilo vigumu kuliko fumbo lolote la ushairi.

Farao naye hakulielewa. Musa na Haruni walipoomba ruhusa ya siku tatu ili watu wakamwabudu Mungu wao, jibu lilikuwa kwamba watu hao ni wavivu, na kwamba kuanzia siku ile wajitafutie majani wenyewe na idadi ya matofali isipungue. Neno alilolitumia Farao kuwalaumu Musa na Haruni kwa kuwaachisha watu kazi linatokana na shina lilo hilo la shabbat. Ni kana kwamba mwandishi alitaka msomaji asikie: mzozo wa kwanza kati ya Farao na Mungu wa Israeli ulikuwa juu ya likizo.

Na hapa pana jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili na imepewa sababu mbili. Katika Kutoka sura ya 20 sababu ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni utumwa: pumzika, na mtumishi wako apumzike kama wewe, kwa kuwa ulikuwa mtumwa Misri. Sababu ya kwanza humtuliza mtu. Ya pili humsumbua. Orodha ya wanaopaswa kuacha kazi ni ndefu: wewe, mwana, binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, mgeni aliye malangoni. Mke hakutajwa. Wafasiri husema amejumuishwa katika "wewe", na huenda ni kweli, ila akina mama ambao Jumapili saa saba mchana wako jikoni huku waumini wengine wakijadili mahubiri sebuleni wangependa kuwa na uhakika zaidi.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa mfano wa jinsi siku ya mapumziko inavyoweza kuwa ganda tupu. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja katika karne ya 19, kwa desturi iliyoenea, mtumwa alimtumikia bwana siku tano, akaachiwa Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo alilima kishamba chake ili apate chakula cha kumwezesha kurudi kwa bwana akiwa hai. Siku mbili katika kila saba hakuwa chini ya nyapara, na Sabato hakuwa nayo hata moja. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini mpango huo wa siku haujazikwa. Msichana wa kazi katika nyumba za walimu na wasomi hupewa Jumapili yake, akaambiwa aondoke baada ya kuosha vyombo vya asubuhi na arudi kabla ya chakula cha jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 27, inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku, si vipande vya siku. Inashangaza kwamba sheria ya serikali isiyojinasibisha na dini yoyote inakumbuka Kumbukumbu la Torati kuliko wanaoisoma madhabahuni.

Pingamizi zito dhidi ya haya yote linatoka kwa maskini, nalo halistahili kujibiwa kwa mkato. Kibarua wa mjengo hula alichokipata leo. Mwendesha bodaboda hudaiwa na mwenye pikipiki fedha za kila siku, Jumapili ikiwamo. Kumhubiria mtu huyo kwamba dunia haikuegemea mikono yake ni kumdhihaki, kwa maana sufuria ya wanawe imeiegemea. Mkono mtupu haulambwi. Lakini turudi kwenye orodha. Amri imeelekezwa kwa yule mwenye mtumishi, mwenye ng'ombe, mwenye malango. Yeye ndiye anayeambiwa aache, na aache kwa namna itakayomwezesha aliye chini yake kuacha. Anayepaswa kuhubiriwa ni mwenye pikipiki. Sabato ya maskini huwa inashikiliwa na mtu mwingine, na mtu huyo mara nyingi huwa amevaa suti na yuko kanisani.

Wengine hupinga kwamba Sabato ni jambo la kuletwa. Jina, ndiyo. Wazo la siku isiyoguswa na jembe halikuletwa na meli. Wamijikenda walikuwa na juma lao la siku nne, na siku moja katika hizo, ambayo Wagiriama huiita Jumwa, haikuwa ya kulima. Kila jumuiya iliyolima ililazimika kuamua ni lini jembe litawekwa chini, na iliamua kwa pamoja.

Upamoja huo si pambo. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti iliamua kuliondoa juma la siku saba ili mitambo isisimame. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, kila kundi likapewa siku yake. Kwa hesabu, mfanyakazi alipata zaidi ya awali: siku moja katika kila tano badala ya moja katika saba. Ila mume alipokuwa nyumbani mke alikuwa kiwandani, na rafiki alipokuwa huru rafikiye alikuwa zamu. Mpango huo ulibadilishwa mwaka 1931, na mwaka 1940 juma la siku saba likarejeshwa. Waliounda mpango ule waliyajua mapumziko ya misuli, wakasahau kwamba nafsi hupumzika mbele ya nafsi nyingine. Aliyeijenga Ijumaa juu ya mzizi wa kukusanyika, mzizi uo huo uliotupa jamaa na jumuiya, hakusahau.

Vyuo vikuu vya Kenya viko karibu na mpango ule wa makundi matano kuliko vinavyodhani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi iliyowasilishwa na Kanisa la Waadventista wa Sabato, kwamba wanafunzi wa dhehebu hilo katika shule za umma wana haki ya kuishika siku yao. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini ruhusa ya wachache kutokuwepo si sawa na wote kuacha; mwenye ruhusa huondoka akijua kwamba wenzake wanasonga mbele, na hofu ya wale waliotoka kutafuta mana humfuata hadi kanisani. Masomo ya wikendi yana sababu nzuri, kwa kuwa yamewafungulia mlango watu walioajiriwa, na hakuna anayetaka wafungiwe. Basi wanafunzi hao wapewe siku nyingine isiyoguswa, na mwalimu wao pia. Ni jambo ambalo idara inaweza kuliandika katika ratiba bila kungoja amri ya serikali: kwamba siku fulani hakuna somo, hakuna kikao, na hakuna msimamizi wa tasnifu anayetuma masahihisho saa tano za usiku akitarajia kujibiwa alfajiri. Msimamizi akisema kwamba yeye hutuma tu na wala hadai jibu, amwulize mwanafunzi wake alilala saa ngapi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo havina mikono safi. Makongamano yao hufanywa Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ndizo siku ambazo kumbi huwa wazi, na wasomaji wa jarida hili wamewahi kusikiliza hapo mada nzuri sana kuhusu utu katika fasihi. Akina mama wanaopika chai ya saa nne katika makongamano hayo hufika saa kumi na moja alfajiri. Hakuna kamati andalizi iliyowahi kuwauliza siku yao ni ipi.